Kila nikimkumbusha dawa, anasema nampandisha presha

Shikamoo mama,

Nina miaka 43, naishi Tanga, mama wa watoto wanne. Mume wangu ana miaka 51, ni seremala, ana karakana yake ya vitanda na milango hapa Makorora. Tumeoana miaka 21 na ni mtu mwema. Hili ninalokuandikia ndilo pekee linalotugombanisha.

Mwaka jana kulikuwa na upimaji wa bure uwanjani, rafiki zake wakamburuta. Presha ikasoma 178 kwa 106. Akaambiwa aende kituo cha afya, akaenda siku tatu tofauti, zote ikawa juu. Wakamwanzishia amlodipini na kidonge kingine cha kukojoa, kila kimoja mara moja kwa siku. Alimeza vizuri karibu miezi mitano, na kliniki ya mwisho ikasoma 128 kwa 82. Tulifurahi sana. Ukaingia mwezi wa Ramadhani, akasema hawezi kufunga na huku anameza dawa, ataendelea baada ya Idi. Idi ikapita. Nilipomuuliza akajibu, "Si waliona wenyewe imeshuka? Nimepona."

Tangu hapo kila nikitaja dawa anakunja uso: "Wewe ndiye unayenipandisha presha." Wiki iliyopita, ametoka kushusha mbao, akapita duka la dawa kupima. Ikawa 184 kwa 110. Akaja nyumbani na kikaratasi akaniwekea mezani, kwa sababu asubuhi hiyo tulikuwa tumebishana kuhusu ada ya mtoto. Mama mkwe akasikia. Wifi yangu akaniambia mbele za watu kwamba kaka yake nitamuua kwa mdomo wangu. Mama, tangu siku ile nimenyamaza. Sisemi dawa, sisemi chumvi, sisemi kitu. Usiku namsikiliza anavyokoroma, najiuliza kama kweli ni mimi.

Marehemu baba mkwe alianguka bafuni. Wakasema amepigwa na jini, wakamzungusha kwa waganga wiki mbili ndipo akapelekwa hospitali. Alilala miaka minne, mkono na mguu wa kulia havina kazi. Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza kitandani. Sitaki kuyaona tena.

Kuna jambo naona haya kuliandika. Aliwahi kuniambia zile dawa zilimpunguzia nguvu za kiume. Nadhani hiyo ndiyo sababu ya kweli, Ramadhani ilikuwa mlango wa kutokea tu. Halafu mgongo unamsumbua, anameza diklofenaki karibu kila siku. Na rafiki yake amemletea chupa ya dawa ya majani, eti akimaliza tatu presha inaondoka kabisa.

Kwenye chakula najitahidi. Natumia chumvi ya mawe, na ninaipika, siweki chumvi mbichi mezani. Nimewaza nivisage vile vidonge vilivyobaki nimtilie kwenye uji bila yeye kujua. Je, ni vibaya? Mimi mwenyewe sina tatizo. Presha niliwahi kuwa nayo kwenye mimba ya mwisho tu, nikalazwa kwa kifafa cha mimba, lakini nilipojifungua ikaisha.

Nisaidie mama.

Mke wa Seremala, Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na ile 184 kwa 110, maana haisubiri nimalize barua. Hata kama alipima ametoka kubeba mbao, mtu aliyewahi kuwa na 178 akaacha dawa miezi kadhaa, namba hiyo tuichukulie kuwa kweli mpaka ithibitike vinginevyo. Kama leo ana maumivu makali ya kichwa yasiyo ya kawaida yake, kifua kinabana, pumzi inakata, macho yanaona giza au ukungu, anachanganyikiwa, au upande mmoja wa mwili umelegea, mpeleke hospitali sasa hivi, hata iwe usiku wa manane. Kama hana lolote kati ya hayo, arudi kliniki leo au kesho, asingoje mwisho wa mwezi. Abebe maboksi ya dawa zake za zamani na daftari la kliniki. Asimeze vidonge viwili viwili kufidia miezi aliyoacha, na asikubali kidonge cha jirani. Kuna watu bado wanatoboa kapsuli ya nifedipini na kumdondoshea mgonjwa chini ya ulimi ili presha ishuke haraka. Msifanye hivyo. Ikiporomoka ghafla, ubongo unakosa damu, na unaweza kumsababishia kiharusi kile kile ulichokuwa unakikimbia.

Sasa nije kwako. Hukumpa mumeo presha. Nimekaa wodini zaidi ya miaka 30, na nimewaona wake wengi wamesimama mlangoni wameinamisha vichwa, ndugu wa mume wamewapa hukumu kabla daktari hajasema neno. Inaniuma kila mara. Nadhani hata lugha yetu inachangia. Tunasema "usinipe presha", mechi ina presha, kazi ina presha, basi mtu akiambiwa ana presha anaelewa ana hasira au mawazo mengi, na aliye karibu naye ndiye mkosaji. Lakini shinikizo la damu analolipima daktari ni nguvu ya damu inavyosukuma kuta za mishipa. Namba ya juu ni wakati moyo unapiga, ya chini ni wakati unatulia kati ya pigo na pigo. Ikikutwa 140 kwa 90 au zaidi, siku tofauti, mtu ametulia, huo ni ugonjwa.

Ni kweli ukimkasirisha mtu presha inapanda. Inapanda pia akipanda ngazi, akicheka sana, akibanwa na mkojo, akibeba mbao. Halafu inashuka ndani ya muda mfupi. Ugonjwa ni ile inayobaki juu hata mtu akiwa ameketi barazani anakunywa kahawa na hana ugomvi na yeyote. Hiyo inatokana na mambo mengi yaliyorundikana kwa miaka. Mishipa midogo inakakamaa kadiri umri unavyokwenda, figo zinang'ang'ania chumvi na maji, tumbo linaongezeka, miguu inatembea kidogo, na damu ya ukoo nayo ipo. Baba yake alipooza, mwanangu. Huenda mumeo alirithi mwelekeo huu kabla hujamjua. Mawazo ya muda mrefu yana madhara, sikatai. Yanamnyima mtu usingizi na kumpeleka kwenye sigara na pombe. Lakini ubishi mmoja wa ada ya shule haumwachi mtu na presha ya juu kwenye siku tatu tofauti za kliniki.

Namba zake mwenyewe zinakutetea. Wakati anameza dawa ilikuwa 128 kwa 82. Ina maana miezi ile mitano ulikuwa bubu? Hamkuwa mkibishana kuhusu ada, kuhusu mama yake, kuhusu chochote? Mke alikuwa yule yule, ila dawa zilikuwepo.

Hapo ndipo alipojikwaa, na simlaumu, kwa sababu wengi wetu hatukuwahi kuelezwa vizuri. Tumezoea malaria: unameza siku tatu, umepona, unaendelea na kazi. Dawa za presha haziondoi ugonjwa, zinaushikilia. Mweleze kwa kazi yake. Dari inaponing'inia, fundi anaweka mhimili, dari inanyooka. Hakuna seremala atakayesema, "Dari imenyooka, sasa ng'oeni mhimili." Ile 128 ilikuwa ni mhimili. Na kwa kuwa amlodipini hutoka mwilini taratibu, kwa siku kadhaa, mtu akiacha haoni tofauti kesho yake, anajipongeza. Presha yenyewe haina sauti. Wengi hawaumwi kichwa, hawasikii chochote, na huku moyo unatanuka na figo zinachakaa. Utafiti uliofanyika Ilala na Hai miaka ya 1990 ulikuta kwamba kati ya watu wenye presha, karibu 1 tu kati ya 5 ndiye aliyejua kuwa anayo. Waliobaki walikuwa wanalima, wanauza sokoni, wanajiona wazima.

Huenda pia atakuambia dawa mbili ni nyingi mno. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya jaribio lililofanyika kwa Waafrika weusi katika nchi sita kusini mwa Sahara, Kenya na Uganda zikiwemo. Walilinganisha dawa mbili mbili kwa namna tatu. Michanganyiko iliyokuwa na amlodipini ndani yake ilishusha presha vizuri zaidi ya ule usio nayo, na mmojawapo ni amlodipini pamoja na kidonge cha kukojoa, kama alivyopewa yeye. Aliyempangia hakubahatisha.

Kuhusu Ramadhani, swali hili angeuliza kliniki mwezi wa Shaabani wangempangia. Dawa zake ni za mara moja kwa siku. Anafuturu, anakunywa maji, anameza. Kwa amlodipini haidhuru ni asubuhi au jioni, muhimu ni kila siku. Kidonge cha kukojoa ndicho chenye kuhitaji akili kidogo: akikimeza wakati wa daku kitamtoa maji mchana kutwa naye amefunga, juani, na randa mkononi. Wengine hupunguziwa au kubadilishiwa kwa mwezi huo. Mwakani aende mapema.

Sasa lile la chumbani. Umefanya vizuri kuliandika, kwa sababu nakubaliana nawe: kwa wanaume wengi hii ndiyo sababu ya kweli, na sisi wauguzi tunakosea tukiona haya kuuliza. Uume unasimama kwa damu kuingia kwenye mishipa midogo sana. Presha yenyewe, miaka ikienda, huiharibu mishipa hiyo, sawa na sukari na sigara zinavyofanya. Kwa hiyo mwanaume anayeacha dawa ili kulinda nguvu zake anaweza kuwa anazipoteza. Lakini nisimfanye mwongo. Baadhi ya dawa, hasa za zamani kama atenololi na propranololi, na wakati mwingine kidonge cha kukojoa, huweza kumletea mtu shida hiyo. Amlodipini si kawaida yake. Dawa ya kukojoa inaweza kubadilishwa. Kuna losartani, kwa mfano, ambayo hailaumiwi kwa jambo hili. Anachotakiwa ni kusema. Kama anaona haya mbele ya muuguzi wa kike, aombe kuonana na mganga mwanaume, faragha, mlango ufungwe, wewe ubaki nje. Na asijinunulie vidonge vya nguvu za kiume mitaani. Mtu mwenye shida ya moyo aliyepewa dawa za nitreti kwa ajili ya kifua akichanganya na hivyo, presha inaweza kuporomoka mpaka afe.

Kliniki awaambie vilevile kuhusu diklofenaki. Naomba uhimize hili kuliko yote atakayosahau kuyasema. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao hupandisha presha, hupunguza nguvu ya dawa za presha, na zikinywewa kila siku huumiza figo. Nimeona watu wameongezewa dawa ya tatu na ya nne, kumbe mfukoni wana diklofenaki ambayo hakuna aliyewauliza. Kwa mgongo atumie parasetamoli kwa kiasi anachoelekezwa, apimwe mgongo wenyewe, na ainue meza yake ya kazi ili asipige randa ameinama siku nzima. Nao wampime mkojo, sukari na utendaji wa figo. Ule mkoromo pia utaje. Kama usiku pumzi inakatika kidogo kisha anashtuka kwa kuvuta hewa kwa nguvu, mwambie daktari, kwani ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini ni mmojawapo wa magonjwa yanayopandisha presha bila kujulikana.

Ile chupa iache kwanza. Sidharau majani. Choya, hayo maua mekundu tunayochemsha kutengeneza juisi, yamejaribiwa na yanashusha presha kidogo, na kitunguu saumu vivyo hivyo. Akipenda choya anywe, msiijaze sukari. Lakini kidogo hicho hakitoshi kwa mtu mwenye 184, na chupa isiyo na maandishi hujui ndani kuna nini wala figo zitapokea nini. Anayekuahidi kwamba presha itaondoka kabisa kwa chupa tatu anauza tumaini, na mteja wake ni mtu aliyechoka vidonge. Mwambie rafiki yake ahsante, chupa ikae kabatini.

Na vidonge kwenye uji, hapana. Naelewa ni mapenzi na hofu vilivyokufikisha huko. Lakini fikiria: umemtilia kwa siri, yeye naye akaamua siku hiyo kumeza vyake, presha ikashuka akaanguka kwenye msumeno. Au kliniki wakaona namba imekaa sawa wakampunguzia dawa wasizojua anazipata. Na siku atakapogundua, hatakula tena chakula chako kwa amani, na kila neno lako la kweli litakuwa limekufa. Huyu ni mtu mzima mwenye akili zake. Inabidi akubali mwenyewe.

Atakubalije? Mimi ningeacha namba ziseme kwa niaba yako. Nunueni mashine ya kupimia presha, ile ya kufunga juu ya kiwiko, ya kwenye kifundo cha mkono hukosea kirahisi. Kama bei ni nzito, changieni na majirani wawili watatu, mkizunguka mtaa huo hamtakosa wenye presha. Iwe yake, aikabidhiwe yeye, na daftari awe nalo yeye. Apime asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa siku saba. Awe amekojoa, hajavuta sigara wala kunywa kahawa kwa nusu saa, ameketi dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini bila kupandisha mguu juu ya mguu, mkono umelala juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi na si juu ya shati. Asizungumze. Apime mara mbili, dakika moja au mbili kati yake, aandike zote. Nyumbani tunataka iwe chini ya 135 kwa 85. Akiona 170 siku ambayo wewe hata hujamsalimia, atajua mwenyewe. Seremala hakati ubao kwa kukisia, anaheshimu kipimo. Mpe kipimo.

Nawe umwambie jambo moja tu, siku ametulia, si siku ya ugomvi na si mbele ya mama yake. Mwambie kama ulivyoniambia mimi: "Nilimgeuza baba yako kitandani miaka minne. Kukugeuza wewe ningekugeuza, lakini naogopa." Kisha nyamaza. Usiongeze chumvi wala dagaa wala diklofenaki. Kama hakusikia, mtafute mjomba wake au mzee wa msikitini ambaye yeye mwenyewe anameza dawa za presha. Wanaume husikia haraka kwa mwenzao anayesema, "Mimi nameza mwaka wa kumi na bado nipo."

Kuhusu baba mkwe, Mungu amrehemu, nataka watoto wako wakue wakijua kwamba lile halikuwa jini. Kilikuwa kiharusi. Kuna utafiti mkubwa wa kiharusi uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006, na Dar es Salaam ilikutwa na kiharusi kingi kuliko nchi nyingi tajiri, presha isiyotibiwa ikiwa miongoni mwa sababu kuu. Wafundishe watoto dalili: mdomo umekwenda upande, mkono ukiinuliwa unaanguka, maneno yanakwama au yanatoka ovyo. Wakiona hata moja, kwa ghafla, ni kutafuta usafiri papo hapo. Wasimpe maji wala chakula, atapaliwa. Wasimpe aspirini, kwa sababu hamjui kama mshipa umeziba au umepasuka. Waandike saa dalili ilipoanza, daktari ataiuliza.

Sasa tuingie jikoni kwako. Chumvi ya mawe ni chumvi. Inayopandisha presha ni sodiamu, nayo imo katika ya mawe, ya unga na ya baharini karibu sawa. Na kuipika hakuibadilishi. Nimeusikia msemo wa "chumvi mbichi" tangu niko shule ya uuguzi, na sijui ulianzia wapi, lakini umewafanya watu wengi watie vijiko viwili chunguni na roho zao zikatulia. Bora utumie ya unga yenye madini joto, ila kidogo.

Kidogo ni kiasi gani? Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, kwa kila alichokula siku hiyo. Ninyi ni sita. Gramu 30 kwa siku kwa nyumba nzima, hata tukiwahesabu watoto kama wakubwa. Pakiti ya nusu kilo inapaswa kukaa siku 16 au 17, na hapo hatujahesabu chumvi ya mikate, dagaa na chipsi za barabarani. Ukifungua pakiti, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Ikiisha ndani ya wiki moja, kila mtu nyumbani kwako anakula karibu gramu 12. Hesabu hiyo imewashtua wanawake wengi kuliko mahubiri yangu yote.

Halafu kuna chumvi ambazo hatuziiti chumvi. Magadi ni sodiamu, yale mnayotia kwenye maharage na kisamvu vilainike. Loweka maharage usiku kucha, umwage maji, utayapika bila magadi. Vile vidonge vya kiungo cha mchuzi vimejaa chumvi. Ukitumia kimoja, usiongeze chumvi. Papa na ng'onda, najua Tanga muhogo bila papa haukamiliki, basi mlaze kwenye maji saa kadhaa, umwage, urudie, ndipo umpike, na asiwe wa kila wiki. Ndimu, ukwaju, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga, bizari, vyote hivyo vimekuwa jikoni kwetu pwani miaka mingi, na vinabeba mchuzi vizuri mno. Punguza pole pole. Kwa wiki chache mtaona chakula kimepooza, kisha ulimi unazoea, na mtakapokula kwa jirani mtashangaa wanavyokula chumvi. Ongeza mchicha, maharage, ndizi, viazi vitamu, vina potasiamu inayosaidia, ila mngoje kwanza majibu ya figo, kwa maana figo zilizochoka hazitakiwi kujazwa potasiamu.

Tanga ni mji wa baiskeli. Je, anakwenda karakana kwa usafiri gani siku hizi? Kama ni bodaboda, dakika 30 za baiskeli au kutembea haraka, siku tano kwa wiki, ndizo dakika 150 zinazopendekezwa. Kusimama kwenye meza ya randa kunachosha, lakini moyo haupati zoezi lile lile. Asianze leo na 184 yake, asubiri dawa ziishushe kwanza.

Mama mkwe na wifi usibishane nao. Mama mkwe ni mtu mzima na mumewe alikufa kwa madhara ya presha. Mpeleke naye kupimwa. Mwambie, "Mama, twende tukapime sote," umshike mkono kwenye ngazi. Na wifi pia, huyo ni mtoto wa baba yule yule.

Nimeacha neno moja la mwisho kwenye barua yako kwa makusudi. Umesema wewe huna tatizo, ulikuwa na kifafa cha mimba tu, kikaisha. Mwanangu, mwanamke aliyepata kifafa cha mimba ana uwezekano mkubwa zaidi, kuliko mwenzake, wa kupata presha ya kudumu, ugonjwa wa moyo na kiharusi miaka ya mbele. Anatakiwa kupimwa angalau kila mwaka, maisha yake yote. Barua nzima umehesabu namba za mumeo moja moja, na yako hukuitaja. Unakula kwenye chungu kile kile, una miaka 43, na usiku hulali.

Mtakapofika kliniki kesho, mwambie muuguzi akupime wewe kwanza. Kisha niandikie namba zote mbili.